Papai Bichi, Ndimu na Hotipoti: Uchambuzi wa Kisa cha Mishkaki Iliyorojeka Lamu

Maelezo ya awali

Kisa hiki kilitokea katika mji wa Lamu. Majina yote yameachwa, tarehe za shughuli hazitajwi, na idadi ya wageni imekadiriwa tu ili familia zilizohusika zisitambulike. Mhusika mkuu ni mpishi anayepokea oda za mishkaki nyumbani kwake. Mhusika wa pili ni mimi, mwalimu wa biolojia, niliyemshauri mara mbili, mara ya kwanza kwa usahihi nusu na kwa makosa nusu. Kosa langu lilikuwa jambo ambalo kwa miaka mingi nimelitia tiki katika madaftari ya wanafunzi, nalo lilitosha kuharibu chakula cha harusi.

Usuli

Mpishi huyu alirithi kazi yake kwa mama yake. Hununua steki ya ng'ombe buchani asubuhi, huikata vipande vidogo, huilaza na viungo, kisha huitunga kwenye vijiti na kuichoma juu ya makaa. Ng'ombe wengi wanaochinjwa hapa huvushwa kutoka bara, na wengine wametembea sana kabla ya kufika. Wanachinjwa alfajiri, nyama inaning'inizwa buchani jua likichomoza, na kufikia adhuhuri imekwisha. Hakuna anayeilaza kwenye baridi kwa siku kadhaa kabla ya kuiuza.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mnyama akishachinjwa, misuli yake hukakamaa, na asidi ya laktiki inayojikusanya humo huishusha pH ya nyama (kipimo cha uchachu, ambacho namba yake hushuka uchachu unapopanda) kutoka karibu 7 hadi karibu 5.5. Nyama ikiwekwa kwenye baridi kwa siku kadhaa, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huanza kuzikata nyuzi za misuli, nayo hulegea. Nyama iliyochinjwa alfajiri na kuchomwa jioni huwa imekutana na moto wakati ambapo ukakamavu bado haujaachia. Ndiyo maana wapishi wa pwani, tangu zamani na bila kumsubiri mwalimu yeyote, wamekuwa wakitumia papai bichi: hutaka kwa saa chache kazi ambayo nyama peke yake ingeifanya kwa siku.

Ukilikwaruza papai bichi kwa ncha ya kisu, utomvu mweupe hutiririka kwenye mkwaruzo na kuganda kwenye ubapa wa kisu. Humo ndimo mnamokaa papaini, kimeng'enya kinachokata protini, ambacho Wurtz na Bouchut walikipa jina hilo nchini Ufaransa mwaka wa 1879. Papai likiiva, utomvu hupungua sana, na papai la kula baada ya chakula halifai kwa kazi hii. Mpishi wetu alilijua hilo vizuri. Hulitwanga papai bichi pamoja na ganda lake, kwa kuwa mama yake alimwambia kwamba "nguvu iko gandani."

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kutumika na kuisha. Chumvi ikishakolea nyama imekwisha kazi yake, lakini papaini haikolei ikatulia. Kijiko kimoja chake huendelea kukata muda wote ambao mazingira yanakiruhusu, na mazingira hayo hasa ni joto na uchachu.

Tukio la kwanza: nyama iliyokataa kulainika

Oda ya kwanza ilikuwa ya khitma yenye watu wapatao 40. Wiki hiyo mpishi alikuwa ameona video ya upishi mtandaoni iliyosifu ndimu nyingi kwa mishkaki, akaamua kuunganisha mbinu mbili: papai la mama yake na ndimu za kwenye video. Asubuhi, kabla nyama haijaletwa, alilisaga papai kwenye blenda pamoja na maji ya ndimu, akaliacha bakulini. Nyama ilipofika saa tano, aliichanganya na ule mseto, akaitia kwenye friji, na baada ya saa mbili akaitoa na kuitia motoni.

Matokeo yake yalikuwa kinyume cha alichotarajia. Vipande vilikuwa vimepauka kwa nje, kama nyama iliyochovywa katika maji ya moto, na ndani vilikuwa vigumu. Wazee walitafuna wakachoka, na mmoja wao alikiweka kipande pembeni mwa sahani kwa adabu na kukifunika kwa mkate. Mpishi alikiona. Jioni ile alinitumia ujumbe: "Mwalimu, nyama imeniaibisha, na papai nimetia zaidi ya siku zote."

Ushauri wa kwanza na sababu zake

Nilimwuliza maswali kwa utaratibu: papai lilikuwa bichi kiasi gani, lilisagwa lini, ndimu ngapi, nyama ililazwa muda gani na wapi. Kutokana na majibu yake nilifikia uamuzi wa mambo matatu.

La kwanza lilihusu ndimu. Maji ya ndimu yana pH ya kati ya 2 na 3. Papaini hufanya kazi vizuri zaidi karibu na pH 6 au 7, na ingawa huvumilia mazingira mapana, chini ya pH 3 umbo lake huvurugika haraka na halirudi hata uchachu ukipunguzwa baadaye. Mseto wake ulikaa kwenye ndimu tangu asubuhi, kwa hiyo nilihukumu kwamba kimeng'enya kilikuwa kimeharibika saa kadhaa kabla nyama haijafika. Weupe alioutaja haukuwa wa papai hata kidogo. Ulikuwa wa asidi, ambayo huvuruga protini za juu ya nyama na kuzikaza. Nilimshauri atenganishe vitu hivyo viwili: papai litangulie peke yake juu ya nyama, na ndimu isubiri hadi nyama iko motoni au sahani iko mezani.

La pili lilihusu friji. Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi papaini haifi, ila husinzia, na saa mbili za kusinzia ni kidogo. Nilimshauri aongeze muda, wala asifikirie kuiacha nyama mbichi jikoni ili kuharakisha kazi, kwa sababu joto la jikoni Lamu ambalo lingemchangamsha papai lingewachangamsha pia bakteria.

La tatu ndilo lililokuwa kosa. Aliniuliza: "Na nikitaka kuisimamisha hii papai isiendelee kuila nyama, nafanyaje?" Nilimjibu bila kusita kwamba vimeng'enya huharibiwa na joto la kupita nyuzi 40 hivi, kwa hiyo nyama ikishaguswa na moto tu, papai limekufa. Nilikuwa na uhakika kabisa. Huo ndio mchoro ninaouchora ubaoni kila mwaka: mstari unapanda polepole hadi nyuzi 37, kisha unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi.

Tukio la pili: chakula kilichovushwa kwenda Shela

Oda ya pili ilikuwa ya harusi huko Shela, yenye wageni wapatao 120. Mpishi aliufuata ushauri wote. Alilitwanga papai na ganda lake bila ndimu, akalichanganya na steki, akaitia kwenye friji kwa saa tatu. Papai lilikuwa hai safari hii, na vipande vilikuwa vimeanza kulegea kwa kiasi kizuri.

Hapo akafanya uamuzi wake mwenyewe, ambao haukuwa wa kizembe hata kidogo. Aliona kwamba kuchoma mishkaki ya watu 120 kutoka mwanzo katika ua asioujua kungechelewesha chakula. Alasiri aliichoma nusu nyumbani, yaani mpaka nje ikashika rangi na ndani bado haijaiva, akaipanga katika hotipoti kubwa mbili na kuzifunga vizuri, akikusudia kuimalizia Shela juu ya makaa. Aliamini kwamba papai limekwisha kufa, kwa kuwa mwalimu alikuwa amesema. Aliamini pia kwamba kukitunza chakula kikiwa na moto ndiyo njia salama, na kwa chakula kilichoiva hasa asingekuwa na kosa, kwa kuwa kanuni ya usafi wa chakula husema chakula kilichoiva kitunzwe kwenye nyuzi 60 au zaidi ili bakteria wasizaliane.

Safari ya Lamu hadi Shela kwa boti ni fupi, lakini siku hiyo maji yalikuwa yamekupwa na chombo walichoahidiwa kilikuwa kimelala topeni. Wakasubiri. Tangu hotipoti zilipofungwa hadi zilipofunguliwa Shela zilipita kama saa mbili na nusu.

Alipofungua hotipoti ya kwanza, mvuke ulitoka na harufu ilikuwa nzuri. Alishika kijiti cha kwanza akakiinua. Kipande cha chini kilibaki ndani ya chombo, cha pili kikateleza kijitini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kilichobaki juu, alipokibonyeza kwa kidole, kiliingia kidole. Alijaribu kuvitia vichache motoni. Vilidondokea makaani kabla havijashika. Nje ilikuwa rojorojo kama ini lililopondwa, na katikati ya vipande vikubwa bado palikuwa na kiini kigumu.

Aliyeshika kazi pamoja naye alipendekeza nyama yote isongwe sufuriani na vitunguu na nyanya ili iliwe na mkate. Mpishi alikataa. Nyama ile haikuwa imeiva, ilikuwa imekaa kwenye joto la vuguvugu kwa saa nyingi, na baadhi ya sumu za bakteria haziondoki kwa kuchemsha. Aliimwaga yote, akawaeleza wenye harusi, akarudisha malipo ya mishkaki, na wageni wakala biriani iliyokuwepo. Kati ya maamuzi yote ya kisa hiki, huo ndio ambao sina la kuongeza juu yake.

Kutafuta chanzo: jaribio la uani

Alipoleta habari zile, mawazo yangu ya kwanza yalikuwa kwamba alizidisha papai. Ni rahisi kwa mwalimu kumlaumu mwenye kijiko. Lakini kipimo chake kilikuwa kilekile cha siku zote, na mama yake alikitumia miaka mingi bila nyama kumwagika kijitini. Kilichokuwa kipya ni hotipoti, kwa kuwa mama yake alichoma na kupakua palepale.

Jumamosi iliyofuata tulikaa uani kwake na kipimajoto cha maabara, karatasi za kupimia pH, na kilo moja ya steki iliyokatwa vipande vya ukubwa mmoja kadiri tulivyoweza. Tulitengeneza vikombe sita. Cha kwanza kilikuwa na nyama na papai lililotwangwa, kikawekwa kwenye friji. Cha pili kilikuwa vilevile, kikawekwa mezani jikoni ambako kipimajoto kilisoma nyuzi 30. Cha tatu kilikuwa vilevile, kikazamishwa kwenye hotipoti yenye maji ya nyuzi 62. Cha nne kilikuwa na papai lililochemshwa kwanza kwa dakika kumi likapoa, nacho kikaingia kwenye hotipoti hiyo hiyo. Cha tano kilikuwa na papai lililokaa kwenye maji ya ndimu kwa saa tatu, nacho kikaingia humo humo. Cha sita kilikuwa na nyama na maji matupu bila papai, ndani ya hotipoti. Hicho cha sita nilikaribia kukisahau, na bila hicho tusingeweza kujua kama ulaini unatoka kwa papai au kwa joto lenyewe.

Baada ya saa moja tulivipanga juu ya sinia na kubonyeza kila kipande kwa uma. Cha friji kilikuwa karibu kama kilivyoingia. Cha mezani kilikuwa kimelegea juujuu, na uma uliacha alama. Cha hotipoti chenye papai bichi kilipasuka kwa uzito wa uma peke yake, na maji yake yalikuwa mazito kama mchuzi uliotiwa unga. Chenye papai lililochemshwa na kile cha maji matupu havikuwa na tofauti tuliyoweza kuiona. Vyote viwili vilikuwa vimebana na kukaza. Chenye ndimu kilikuwa cheupe na kigumu, sawasawa na nyama ya khitma, na karatasi ilisoma pH karibu na 3 kwenye mseto wake kabla haujagusa nyama.

Mpishi alikitazama kile kikombe cha tatu, akanitazama mimi. "Nyuzi sitini hizi, mwalimu," akasema, "si ulisema arubaini inakufa?" Sikuwa na jibu la haraka. Nyama ya sinia lile iliishia kwa paka wa mtaa, ambao hawakubagua kikombe.

Uamuzi uliofuata na matokeo

Baada ya jaribio alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuichoma nyama mpaka iive hasa, ndani ya kila kipande joto lipite nyuzi 80 na likae hapo kidogo, ndipo itiwe kwenye hotipoti. Papaini huvurugika kwenye joto hilo, na kinachobaki baada ya hapo ni nyama ya kawaida inayotunzwa kwa usalama. Ya pili ilikuwa kuivusha ikiwa mbichi juu ya barafu na kuichoma yote penye shughuli.

Alichagua ya pili kwa sababu mbili. Nyama ya mishkaki ikiiva hadi nyuzi 80 kisha ikakaa hotipotini hukauka, na yeye hakutaka kutoka kwenye aibu ya rojorojo aingie kwenye aibu ya kamba. Pia barafu inapatikana kwa wauza samaki kila siku, na haihitaji kuamini kwamba kila kipande kimefikia joto fulani. Hulaza nyama kwenye papai kwa saa tatu nyumbani, huifuta mseto ulioko juu, huitunga, huipanga kwenye sanduku la barafu, na ndimu husafiri peke yake, nzima, kukatwa mezani. Ili asichelewe, aliajiri mtu wa pili wa kuchoma na jiko la pili.

Shughuli tatu alizozifanya kwa utaratibu huo zilipita bila lalamiko. Katika ya pili kati ya hizo, vipande vikubwa vilibaki vigumu kidogo katikati, jambo ambalo nitalirudia hapa chini.

Uchambuzi: joto

Kosa langu halikuwa la kusema kwamba joto huharibu vimeng'enya. Kosa lilikuwa kuichukua namba ya mwili wa binadamu na kuifanya namba ya vimeng'enya vyote. Amilasi ya mate yetu hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 37 kwa sababu hapo ndipo mwili wetu ulipo. Papaini haina deni lolote kwa mwili wetu. Kilele chake kiko karibu na nyuzi 65. Ni mnyororo mmoja wa asidi amino 212 uliokunjwa na kufungwa kwa vifungo vitatu vya salfa, na vifungo hivyo huchangia kuifanya ishike umbo lake katika joto ambalo protini nyingi za mwili wetu zingekwisha kuachia. Vipo vilivyoizidi kwa mbali: kimeng'enya kinachotumika maabara kunakili DNA, ambacho wengi wamenufaika nacho bila kukijua wakati wa vipimo vya korona, kilitokana na bakteria wa chemchemi za maji moto huko Marekani, na hupenda joto la nyuzi 70 na zaidi.

Mchoro ule wa ubaoni, wenye kilima kimoja, unaficha kwamba mambo mawili yanashindana ndani yake. La kwanza ni kwamba joto likipanda, molekuli hugongana kwa kasi zaidi na kazi huongezeka. Kwa makadirio ya kawaida huongezeka kama maradufu kwa kila nyuzi 10. La pili ni kwamba joto likipanda, umbo la kimeng'enya hutikisika na hatimaye kufunguka. Kilele ni pale ambapo la pili linaanza kulishinda la kwanza, na kila kimeng'enya kina pake.

Ukiyafuata makadirio hayo ya maradufu, hesabu ya hotipoti inatisha. Kutoka nyuzi 4 hadi 60 kuna nyuzi 56, yaani kasi inakaribia mara 48. Saa moja ndani ya hotipoti ni kama siku mbili ndani ya friji, na saa mbili na nusu za kusubiri maji yajae ni kama siku tano. Makadirio haya ni ya jumla na hayawezi kuwa sahihi kwa kila nyuzi, lakini yanaonyesha kwa nini kipimo cha papai ambacho hakikuwahi kumdhuru mama yake kilimdhuru yeye. Katika upishi wa mama yake nyama ilivuka joto la nyuzi 50 hadi 75 kwa dakika chache tu, juu ya makaa, na dakika hizo chache ndizo kwa kweli zilizokuwa zikilainisha sehemu kubwa ya nyama. Hotipoti iliirefusha njia hiyo hadi ikawa makazi.

Hapa ndipo kisa hiki kinapotofautiana na makosa ya kawaida ya jikoni. Joto la nyuzi 60, linalopendekezwa kwa usalama wa chakula kilichoiva, ndilo linalokaribiana na joto ambalo papaini hulipenda. Mtu anaweza kufuata kanuni ya usafi neno kwa neno na bado akafungua chombo akakuta uji, ikiwa kimeng'enya kiliingia humo kikiwa hai.

Uchambuzi: uchachu

Kuhusu ndimu ushauri ulikuwa sahihi, ingawa maelezo niliyompa yalikuwa mafupi mno. Kipimo cha pH, kilichobuniwa na Sørensen huko Copenhagen mwaka wa 1909, hakipandi kama rula. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo mseto wa pH 3 una ayoni za haidrojeni mara 1,000 kuliko wa pH 6. Ayoni hizo hung'ang'ania sehemu za protini zenye chaji, zikiwemo zile zilizoko pale ambapo kimeng'enya hushika na kukata. Kwanza kazi hudorora. Uchachu ukizidi, umbo zima huachia.

Kwa nini basi wapishi wengi huchanganya papai na ndimu na nyama yao hulainika? Jawabu liko kwenye mpangilio. Nyama yenyewe huzuia pH isishuke sana, kwa sababu protini zake hunywa sehemu kubwa ya asidi inayotiwa juu yake. Ukitia papai kwenye nyama kisha ukakamulia ndimu mbili, papaini hukutana na uchachu uliokwisha kupunguzwa makali. Mpishi wetu aliikutanisha na ndimu tupu, bakulini, kwa saa nzima na zaidi. Viungo vilikuwa vilevile, ila mpangilio na muda ndivyo vilivyoua.

Wanafunzi husahau pia kwamba uchachu si adui wa kila kimeng'enya. Pepsini ya tumboni mwetu hukata protini kwenye pH ya karibu 2, penye uchachu kama wa ndimu, na hudorora panapokaribia pH 7. Kama papai lingekuwa na pepsini badala ya papaini, mapishi ya kwenye video yangekuwa sahihi kabisa.

Baridi inasimama mbali na mambo haya mawili. Asidi kali na joto kali huvunja umbo, na umbo la papaini likishavunjika hivyo halijirudishi. Baridi hupunguza kasi tu. Nyama iliyolazwa na papai ikagandishwa itaendelea kuliwa na papaini pindi itakapoyeyuka, na mpishi anayeiweka kwenye friza kwa kudhani ameisimamisha kazi atashangaa wiki ijayo.

Uchambuzi: ambalo halikutatuliwa

Vile vipande vikubwa vilivyobaki vigumu katikati, katika hotipoti na baadaye katika shughuli ya pili, havihusu joto wala uchachu. Papaini ni molekuli kubwa, haipenyi ndani ya nyama kwa kasi. Hufanya kazi pale ilipopakwa. Ndiyo sababu nyama iliyolazwa papai kwa muda mrefu huwa na uso laini kupita kiasi na kiini kilekile cha buchani. Kuongeza papai au muda hakusaidii, huzidisha rojorojo la nje tu. Kinachosaidia ni kisu: vipande vya sentimita mbili, vilivyokatwa kukingama nyuzi za nyama. Mpishi amekubali kwa shingo upande, kwa kuwa wateja wa harusi hupenda kuona kipande kikubwa kijitini.

Juzi aliniambia kwamba oda moja ya kwenda Manda haina nafasi ya kuchomea, kwa hiyo ataiweka nyama hotipotini tena, lakini safari hii bila papai. Atalainisha kwa tangawizi mbichi iliyotwangwa, ambayo ameitumia maisha yake yote bila matatizo. Nilimwambia kwamba tangawizi nayo ina kimeng'enya chake cha kukata protini, na kwamba kilele chake kiko karibu na nyuzi 60. Alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza niko huru Jumamosi, na kama kile kipimajoto bado ninacho.